Mgongo, mifupa na kese yetu: osteopatia inaweza nini, haiwezi nini

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama ku kutano ya mwezi, Lubunga. Tumeyaandika tena ili wale ambao hawakufika, na marafiki wanaotusaidia toka mbali, nao wayasome.

 

Niliombwa kusema juu ya kitu kimoja tu. Ku kutano ya mwezi uliopita, wanachama wanane walileta ombi: kese yetu ya magonjwa ianze kulipa matunzo ya "osteo", sawa inavyolipa fishi na dawa ku kituo cha afya. Wengine walikataa. Sauti zikapanda. Mama mmoja akasimama, akasema: "Ule mutu alininyoosha mugongo, leo niko nabeba tena kitunga ya makala. Munataka nini ingine?" Baba mmoja akamjibu polepole: "Na mutoto wangu, mama? Yeye nani atamunyoosha?" Hapo wote tulinyamaza, kwa sababu wengi tulijua habari ya yule mtoto.

Mama alisema kweli. Baba naye alisema kweli. Kazi yangu leo ni kueleza namna gani wote wawili walisema kweli, ili tujue kese yetu ilipe nini na ikatae nini.

Nijitambulishe vizuri kwanza. Mimi si munganga. Nilisoma mambo ya maendeleo ku chuo kikuu hapa Kisangani, na ni miaka karibu kumi natumika na shirika, barabara ya Opala na barabara ya Ubundu. Haya nitakayosema niliyasoma, nikayauliza kwa waganga wa hospitali na kwa watu wa kine. Lakini niko na sababu ingine ya kuyajali: babu yangu alikuwa mtu wa kupanga mifupa. Watu walimletea bega lililochomoka, kifundo kilichopinda, mgongo uliokauka. Nimekula chakula kilichonunuliwa na kazi ile. Kwa hiyo sikuja hapa kutukana mikono ya wazee.

Habari ya mtoto

Baba yake ameniruhusu niiseme, bila jina.

Ni msichana, alikuwa na miaka 9. Familia ilikimbia mambo ya 2023, ambayo leo sitaki kufungua tena kidonda chake. Walilala ku site ng'ambo ya mto, chini, juu ya bashi. Mtoto akaanza kusema mgongo unauma. Wazazi wakafikiri: ni kulala vibaya, ni mizigo ya njiani. Nani asingefikiri vile? Wote tulikuwa na migongo inayouma.

Waliporudi Lubunga, mtoto aliacha kubeba maji. Akitaka kuokota kitu chini, hakuinama, alichuchumaa, mgongo umesimama sawa mti. Usiku alilia. Alipungua mwili. Kukohoa, hapana, hakukohoa hata kidogo. Kisha ikatokea nundu ndogo katikati ya mgongo.

Walimpeleka kwa mtu mwenye kibao kilichoandikwa "osteopata". Akagusa nundu, akasema: "Mufupa ilitoka mu nafasi yake. Tutairudisha." Alimkandamiza mara saba. Kila mara walilipa, na mara mbili pesa ilitoka kwetu sisi, ku kese, kama mkopo. Baada ya mara ya saba, miguu ya mtoto ilianza kulegea.

Ku hospitali walikuta kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Ndiyo, kifua kikuu, ile TB. Wengi tunajua kinakaa ku mapafu, lakini kinaweza kuingia ku mifupa ya mgongo na kuila polepole, paka mfupa unabomoka mbele na mgongo unapinda. Hiyo ndiyo nundu. Munganga mmoja Mwingereza, Percivall Pott, aliandika juu yake tangu 1779, na mpaka leo waganga wanauita ugonjwa wa Pott. Mfupa haukutoka mahali pake. Mfupa ulikuwa unaoza. Kuukandamiza ni sawa kusukuma ukuta ambao mchwa wamekwisha kuula.

Dawa za TB katika inchi yetu zinatolewa bure. Mtoto alizipata, akazimeza miezi mingi, na leo anatembea na fimbo. Nundu imebaki. Familia ilimaliza pesa yake kwa kitu ambacho hakikuweza kumponya, kabla ya kufika kwa kile ambacho hakiuzwi.

Osteopatia ilitoka wapi?

Ilianzishwa na munganga mmoja wa Marekani, Andrew Taylor Still. Mwaka 1864 alifiwa na watoto watatu kwa ugonjwa wa utando wa ubongo, menenjiti. Yeye mwenyewe alikuwa munganga, na dawa za wakati ule hazikuweza kitu. Nyingine ziliua: waganga walitoa watu damu, waliwapa zebaki. Still akachoka nazo. Mwaka 1874 akatangaza njia yake mpya: mwili uko na nguvu ya kujiponya, na kama mifupa na viungo vikikaa vizuri, damu itapita vizuri na ugonjwa utakwisha. Mwaka 1892 akafungua chuo ku Kirksville, jimbo la Missouri.

Tusimcheke. Mtu aliyezika watoto watatu akatafuta njia ingine, sisi hapa tunamwelewa. Lakini angalieni miaka. Alisema maneno yake 1874. Kidudu cha TB kilionekana 1882, kwa kazi ya Robert Koch, Mjerumani. Dawa ya kwanza ya kuua kidudu hicho, streptomisini, ilipatikana 1943. Still alikuwa amekwisha kufa tangu 1917. Kwa hiyo, ule mwanzo wa kusema "mikono inatibu magonjwa yote" ni wa wakati ambapo hapakuwa na kitu kingine cha kutibu nacho. Marekani kwenyewe vyuo vya osteopatia vilibadilika. Leo wanafunzi wake wanasoma udaktari kamili, wanaandika dawa, wanapasua. Mtu anayerudia leo ku Lubunga maneno ya 1874 amebaki nyuma ya chuo cha Still mwenyewe.

Sasa tupite ku mawazo ambayo nasikia kila siku ku avenyu.

Wazo la kwanza: "Osteopata ni munganga wa mifupa"

Inategemea inchi. Marekani, aliyesoma osteopatia ku chuo chao ni munganga kamili. Uingereza iko na sheria ya maosteopata tangu 1993. Ufaransa jina hilo lilitambuliwa na sheria ya Machi 2002. Lakini ku inchi hizo mbili osteopata ni mtu wa kutunza kwa mikono. Hapasui, haandiki antibiotiki, isipokuwa kama alisomea udaktari pia. Munganga wa mifupa, yule anayepasua na kutia vyuma, anaitwa ortopedisti. Ni kazi ingine.

Tena iko kine, mtu wa kinesiterapia. Ndiye tunayeweza kumpata zaidi ku hospitali zetu. Anatumia mikono, lakini kazi yake kubwa ni kukufundisha mazoezi na kurudisha nguvu baada ya kuvunjika, baada ya plasta, baada ya kupooza.

Kwa hiyo kibao ku ukuta hakisemi kitu. Uliza: ulisoma wapi, miaka ngapi, na nani anakujua ku zone ya afya? Mtu wa kweli hatakasirika.

Wazo la pili: "Mufupa iliruka, anairudisha, unasikia tak!"

Hii ndiyo yenye nguvu, kwa sababu masikio yetu yanasikia. Lakini vunja vidole vyako sasa hivi. Tak. Je, kidole kilikuwa kimetoka? Hapana. Ndani ya kiungo iko maji mazito, na ukivuta, gesi inajitenga ndani ya yale maji. Sauti inatoka hapo.

Kiungo kinaweza kuchomoka kweli: bega, kiwiko, taya. Hapo unaona kwa macho, mtu hawezi kukisogeza. Lakini mifupa ya mgongo imefungwa kwa kamba ngumu sana za mwili. Hairuki na kurudi kwa sababu uliinua beseni vibaya. Ikihama kweli, ni kwa ajali kubwa ao kwa ugonjwa, na hiyo ni kazi ya hospitali siku ile ile.

"Basi, juu ya nini mama alipona?" Kwa sababu misuli iliyokaza ililegea. Mishipa ya fahamu ilitulia. Mama alipumzika, akaacha kuogopa kuinama, akaanza kutembea. Na maumivu mengi ya kiuno yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache, mkono uguse ao usiguse. Nafuu ya mama ni ya kweli. Maelezo aliyopewa ndiyo si ya kweli. Na maelezo ya uongo ni hatari, kwa sababu yule anayeamini kila mgongo ni mfupa ulioruka, siku moja ataletewa mtoto mwenye TB.

Wazo la tatu: "Inatibu sukari, presha, kifafa, ugumba"

Hapana. Wanaeleza kwamba mshipa umebanwa ku mgongo, kwa hiyo kongosho halipati nguvu, kwa hiyo sukari inapanda. Ni hadithi inayoshikana vizuri. Lakini hakuna majaribio yaliyoonyesha kwamba kunyoosha mgongo kunaponya sukari, presha, kifafa, ao kunampa mwanamke mimba.

Hatari kubwa ni pale mtu anapoacha dawa. Mwenye presha anakandwa, anasikia mwili mwepesi, anaacha vidonge. Presha haiumi, kwa hiyo hajui imepanda. Anajua siku mkono na mdomo vinapinda. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla, anaweza kuanguka mfululizo na kufa.

Wazo la ine: "Hospitali watakata mkono, bora tufunge kwa mianzi"

Woga huu nauelewa. Wengi wetu tunajua mtu aliyekatwa. Lakini tuulize: kwa nini alikatwa? Mara nyingi inakuwa hivi. Kijana wa toleka anaanguka na kinga yake, mkono unavunjika, unafungwa kwa mianzi na kamba, ngumu sana. Mkono unavimba ndani ya kamba. Damu haipiti. Vidole vinakuwa baridi, vinakufa ganzi, maumivu yanazidi paka analia usiku kucha. Wanamwambia: "Vumilia, iko naungana." Saa chache bila damu, misuli inaanza kufa. Anapofika hospitali baada ya siku tatu, nyama imeoza, na munganga hana njia ingine. Kisha ku kartie wanasema: hospitali walimkata.

Babu yangu, kwa kujua ao kwa kurithi, alikuwa na sheria tatu. Mfupa ukitoboa ngozi, hagusi. Vidole vikiwa baridi, anafungua kamba palepale. Mgongo wenye nundu, ao mgonjwa mwenye homa, anamrudisha. Alikuwa anasema: "Hii haiko yangu. Mumupeleke kwa wazungu wa hospitali." Watu walimheshimu zaidi kwa sababu ya wale aliowarudisha. Ukitaka kumpima mtu wa mifupa, usiulize ameponya wangapi. Uliza: wagonjwa gani unawakataa? Akisema hakatai hata mmoja, chukua viatu vyako.

Wazo la tano: "Radio ilionyesha mifupa imezeeka, ndiyo maana naumwa"

Nasema radio ya picha, si ile ya habari. Watu wanatembea na picha za zamani ndani ya bahasha, wanazionyesha kwa kila mtu. Lakini mgongo unazeeka sawa nywele zinavyoota mvi. Ukipiga radio watu wa miaka 50 wasioumwa kabisa, utakuta wengi mifupa yao imechakaa. Kwa hiyo usikubali mtu akuuzie mara ishirini za kunyooshwa kwa sababu ya picha ile. Radio inafaa pale munganga anatafuta kitu: kuvunjika, TB, uvimbe.

Basi mikono inaweza nini?

Inaweza kitu, na si kidogo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya kiuno yasiyokwisha. Walihesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa kiuno, karibu mtu 1 kati ya 13. Ndani ya mwongozo waliweka mafundisho kwa mgonjwa, mazoezi, kukandwa, na kunyoosha mgongo kwa mikono, kama sehemu za matunzo. Yaani kile alichofanyiwa mama kiko ndani. Lakini nafuu yake ni ya kadiri, si muujiza, na inakaa vizuri ikienda pamoja na mazoezi. Mwongozo ule ule unasema tusizoee mikanda ya kubana kiuno, wala kuvutwa mgongo kwa mizigo na kamba.

Na kuko kazi ya mikono inayoshangaza. Mtoto anazaliwa na mguu uliopinda ndani. Munganga Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyetumika Marekani, alionyesha namna ya kuunyoosha polepole kwa mikono, kutia plasta, wiki ijayo kutoa, kunyoosha tena kidogo, kutia ingine. Kwa kawaida ni mara tano mpaka saba. Kisha mara nyingi wanakata kidogo kamba ya kisigino, na mtoto anavaa viatu vyenye chuma, kwanza mchana na usiku, kisha usiku, mpaka miaka minne hivi. Mtoto anatembea. Hapa mikono ilifanya kazi yote ngumu, lakini ni mikono iliyofundishwa, inayojua kila wiki ifike wapi. Mwenye mtoto wa namna hiyo asingoje akue. Aanze wiki za kwanza.

Kwa maumivu yetu ya kila siku, mengi hayalipiwi hata franga. Usilale kitandani wiki mbili. Mgongo unaolala unakauka. Tembea kidogo kila siku. Kitunga cha makala kigawe, safari mbili ni bora kuliko moja ya kuvunja kiuno. Ukiinua, mzigo uwe karibu na tumbo, miguu ifanye kazi. Kijana anayesukuma kinga yenye mikungu ya ndizi toka barabara ya Opala, abadilishe upande wa kusukumia. Maji ya moto ku kitambaa yanasaidia.

Alama ambazo hazingoji

Hizi nawaomba mzikariri, na wale RECO wetu wazirudie ku avenyu. Ukiona moja ya hizi, usikande, usinyooshe. Nenda ku kituo cha afya siku ile ile:

Mgongo unaouma usiku na mchana, pamoja na homa, jasho la usiku, ao kupungua mwili.

Nundu mpya ku mgongo, kwa mtoto ao mkubwa.

Miguu inayolegea ao kufa ganzi. Mkojo unaokataa kutoka ao unaotoka wenyewe. Ganzi katikati ya mapaja.

Maumivu baada ya kuanguka toka mti wa ngazi, toka moto, toka gari.

Mtoto mwenye homa ambaye mguu ao mkono mmoja umevimba, una moto, na hataki kuusogeza.

Vidole baridi, vyeusi ao vyenye ganzi chini ya kamba ao plasta.

Mtu aliyewahi kuwa na kansa na sasa mifupa inamuuma.

Na shingo: tusikubali mtu kuizungusha kwa nguvu paka isikike tak. Haitokei mara nyingi, lakini mshipa wa damu unaopanda ku ubongo unaweza kupasuka, na mtu anapooza.

Ninachopendekeza juu ya kese

Moja: mgonjwa wa mgongo ao mifupa apite kwanza ku kituo cha afya. Hapo kese inalipa fishi, sawa kawaida.

Mbili: wakimwandikia kine, kese ilipe mara sita. Baada ya mara tatu tumuulize: unatembea zaidi? unalala vizuri? Kama hakuna mabadiliko, arudi kwa munganga, tusiendelee kulipa kwa mazoea.

Tatu: kwa alama zile, mama wa kese atoe pesa ya pirogi na ya moto palepale, bila kungoja kutano. Mtoto yule alipotea mwezi mzima hapo. Dawa ilikuwa bure ng'ambo ya mto, lakini mto wenyewe hauvukwi bure.

Ine: kese isilipe mtu yeyote anayeahidi kuponya sukari, presha, kifafa ao ugumba kwa kunyoosha mifupa.

Tano: wazee wetu wanaopanga mifupa tuwaite hapa, tukae nao, tupatane juu ya alama hizi. Mgonjwa anafika kwao kabla ya kufika popote. Mzee mmoja anayejua kusema "hii haiko yangu" anaweza kuokoa watoto kuliko mabango yangu yote.

Kwa marafiki wanaotusaidia: mwaka huu wengine wameuliza kama watume mtaalamu wa osteopatia wiki moja kuhudumia wanachama. Tunashukuru kwa moyo. Lakini kama mnatuuliza sisi, wiki moja ya mikono inapita, na mgongo wa Lubunga unabeba mwaka mzima. Tusaidieni na pesa ya kuvuka, na mafunzo ya kine kwa vijana wetu wawili watakaobaki hapa.

Maswali yaliyoulizwa

Mama mmoja: "Mutoto wangu alichomwa sindano ku takuu, sasa muguu iko naburuta. Osteo hawezi kuamusha ile mushipa?" Jibu: mama, sindano ikigusa mshipa mkubwa wa takuu, ao kinini ikimwagika karibu yake, mshipa unaumia. Hakuna kunyoosha kunakouamsha. Kine anasaidia mguu usikauke wakati mshipa unajaribu kujiponya. Lakini sikiliza jambo moja: mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu ao mkono unalegea ghafla, lazima RECO ao kituo cha afya wajulishwe haraka, hata kama alichomwa sindano. Inaweza kuwa polio. Wanachukua choo mara mbili ndani ya siku 14 za kwanza, bila malipo.

Kijana wa toleka: "Na mutoto wa SS? Mifupa inamuuma kila mwezi, bibi anamukanda na nguvu." Jibu: maumivu yale yanatoka ku damu. Chembe za damu zinapinda na kuziba mishipa midogo, mfupa unakosa hewa. Kumkanda kwa nguvu ao kumvuta hakufai. Maji mengi, joto, dawa ya maumivu, na akiwa na homa ao anapumua kwa shida, hospitali mara moja.

Mwishoni yule mama wa kitunga aliuliza: "Sasa nisirudie kwa ule mutu?" Nilimjibu: mama, ukienda kwa pesa yako, kwa kiuno kilichochoka, na humo mwili uko na nguvu, hakuna atakayekukataza. Muulize tu wagonjwa gani anawakataa, kisha uje utuambie alijibu nini. Alicheka, akasema ataenda kumuuliza Jumamosi.

Kura juu ya mapendekezo haya itapigwa ku kutano ijayo. Baba wa mtoto ameomba awe wa kwanza kusema siku ile. Tufike wote.